Kufuli la Namba Likigoma, Usilipige Nyundo

Mwezi huu tuongee juu ya kitu kidogo kinachoweza kuiacha familia nje: kufuli la namba. Sisi wa Kivu wengi tunaliita kadena.

Pale Kacyiru, mjini Kigali, jamaa yetu mmoja alifunga geti kwa kufuli la namba, ili watoto wakitoka shule waingie bila kungoja ufunguo. Kipindi cha jua lilifanya kazi vizuri. Mwezi wa 4 mvua ikapiga, watoto wakafika, namba wanaijua, kufuli likakataa. Jirani akaleta nyundo. Akapiga mara tatu, chuma kikapinda, ikabidi likatwe kwa msumeno. Mama alikuwa amerudi kuchukua vitambulisho vya ukimbizi awahi ofisini. Msumeno ulipomaliza, ofisi ilikuwa imeshafungwa.

Kumbe kufuli halikuwa bovu. Lilikuwa chafu tu. Ndani yake kila kigurudumu cha namba kina pengo. Mapengo yote yakikaa mstari mmoja, chuma cha juu kinatoka. Sasa kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 vumbi jekundu linaingia humo, halafu mvua ikija linakuwa tope, na kutu inafuata.

Likigoma, fanya hivi:

1. Usivute huku unazungusha namba. Mara nyingi uzito wa geti au mnyororo ndio unaobana. Inua geti kidogo, sukuma chuma cha juu kiingie ndani, panga namba, ndipo uvute.

2. Hakikisha kila namba imekaa sawasawa kwenye alama. Ikipita kidogo tu, halifunguki.

3. Likishafunguka, lisugue kwa mswaki wa zamani. Kama lina tope, lisuuze kwa maji ya vuguvugu na sabuni huku unazungusha namba. Likung'ute, halafu lianike juani, matundu yakiangalia chini, mpaka likauke kabisa.

4. Kwangua risasi ya penseli kwa wembe, upate unga mweusi. Umwage kidogo kwenye matundu na kati ya vigurudumu, kisha zungusha namba zote mara kadhaa. Unga huu unalainisha na haushiki vumbi. Kama huna penseli, tumia tone moja moja la mafuta ya cherehani. Chagua kimoja, kwa sababu ukivichanganya vinakuwa uji mzito.

Mafuta ya kupikia hapana! Siku ya kwanza utafurahi, baadaye yanaganda kama gundi na kukamata vumbi lote.

Ili lisirudie, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukifunge juu ya kufuli kama kipaa. Chini uache wazi, maji yatoke. Lisafishe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za mwezi wa 3 na kabla ya zile za mwezi wa 9. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mkitoka umuganda, ni siku nzuri ya kukumbuka.

Neno moja kuhusu namba zenyewe. Kufuli la vigurudumu vitatu lina namba 1,000 tu. Ukijaribu moja kila sekunde tatu, unazimaliza zote kwa dakika 50. Hiyo ni nafuu kwako ukisahau namba yako: anza 000 na usonge kwa utaratibu. Lakini mwizi naye anaweza kufanya hivyo hivyo. Lenye vigurudumu vinne lina 10,000, karibu saa nane na nusu za kazi. Kwa hiyo geti la nje lifungwe na la vinne, na usiache namba ya dukani kama 0000, wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto ambao mtaa mzima unaujua. Namba ijulikane na watu wazima wawili wa nyumbani, mmoja akiwa safarini mwingine afungue. Na kama watoto wako ndani, msifunge kwa nje hata kwa dakika tano. Moto haungoji namba.

Basi wazazi, uwe Kacyiru, Kiziba au Mahama, leo jioni ligusi kufuli lako. Likianza kuwa zito, lisafishe kabla mvua haijakukuta mlangoni.

Tuonane mwezi ujao.