Simu Mbovu na Amana ya Fundi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo lionekanalo kuwa dogo, nalo limekwisha ingia katika kila nyumba: kuharibika kwa simu, vishikwambi na kompyuta mpakato, na namna ya kuvitengeneza.

Sababu ya kuandika ni hii. Mama mmoja mjane, auzaye unga wa muhogo katika soko moja la wilaya ya Tarime, alitujia madrasani na huzuni nyingi. Simu yake ilikuwa haipokei chaji. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe akimsomesha mwanawe sura fupi za Juzuu Amma, wala sauti hiyo haikuwekwa mahali pengine po pote. Fundi aliyemwendea alikwisha mwambia kwamba bodi imekufa, naye atainunua kwa fedha kidogo apate vipuri. Sisi nasi, kwa kutojua kwetu, tukamwambia astahimili na aikubali kadari ya Mungu.

Tulikosea. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliiomba simu ile, akamulika tochi katika tundu la chaji, akachokoa polepole kwa kijiti cha meno. Kikatoka kidonge cha unga, kilichoshindiliwa na chaja siku baada ya siku. Baada ya nusu saa simu ikawaka, na mama yule akaisikia sauti ya mumewe, akalia. Hatusemi kwamba fundi yule alidanganya; huenda hakutazama tu. Lakini sisi pia hatukutazama, na mwanafunzi akatufundisha walimu wake kwamba kadari si kisingizio cha uvivu wa kuchunguza.

Basi na tuchunguze. Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, njia nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila penye tundu, na wakati wa mvua maji hufika mfukoni. Maradhi ya vyombo hivi ni mengi, lakini yajayo mara kwa mara ni machache.

Kwanza, simu isiyopokea chaji. Kabla ya kuilaumu simu, jaribu waya mwingine, kisha chaja nyingine, kisha soketi nyingine. Halafu izime, umulike tundu, na utoe uchafu kwa kijiti kikavu. Usitumie sindano wala chuma cho chote, kwani vyuma vya ndani ni vyembamba, vikigusana au kupinda huzaa hasara mpya.

Pili, simu iliyoingia maji. Izime mara moja, wala usiichaji kujaribu kama yafanya kazi. Toa laini, na betri ikiwa yatoka; ifute, uiache mahali pakavu penye upepo kwa siku nzima au zaidi, si juani wala karibu na jiko. Kiuacho ni umeme kupita penye maji, kisha kutu. Ama desturi ya kuifukia katika mchele, kampuni ya Apple mwenyewe ilionya juu yake mwezi wa Januari 2024, kwa kuwa chembe za mchele huweza kuidhuru simu. Mchele na upikwe pilau.

Tatu, betri iliyovimba. Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mabingwa watatu waliozianzisha wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni neema kubwa, lakini neema ina adabu zake. Uonapo mgongo wa simu umeinuka, jua kwamba ndani mmefanyika gesi. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji, usilale nayo chini ya mto, wala usiitupe motoni. Ipeleke kwa fundi ibadilishwe. Enyi vijana mlalao na simu ikichajiwa kitandani, maneno haya ni yenu.

Nne, salio kwisha na mtandao kupotea. Ndugu zetu wa Sirari na vijiji vya mpakani hudhani simu zao ni mbovu, kumbe zimenasa minara ya Kenya. Fungua mipangilio ya simu, uchague mwenyewe mtandao wa laini yako, badala ya kuiachia simu ichague.

Tano, kuganda. Ishike batani ya kuwashia kwa muda mpaka chombo kizime na kuwaka upya. Kikiendelea kuganda, tazama nafasi. Video nyingi zisizo na faida hukilemea. Hata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa walimu wa shule, vyahitaji kupunguziwa mzigo. Ama kompyuta mpakato, adui yake ni joto: usiiweke juu ya godoro, kwani huziba matundu ya feni. Ikikataa kuwaka, chomoa chaja, toa betri ikiwa yatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha urudishe vyote.

Yakishindikana hayo, nenda kwa fundi. Na hapa ndipo penye amana. Mwenye simu na aweke nakala ya mambo yake mapema, kabla ya ugonjwa. Aibonyeze *#06# aandike ile namba ya tarakimu 15. Atoe laini na kadi ya kumbukumbu, apatane bei, wala asitaje kamwe namba ya siri ya fedha zake.

Na anunuaye simu iliyotumika aulize imetoka wapi. Mwezi wa Juni 2016 serikali yetu ilizizima simu bandia, na wengi wakajuta kwa kupenda rahisi. Aghali kuliko hiyo ni simu ya wizi, kwani hasara yake yafika Akhera.

Nawe fundi, sikiliza. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini mna umajimaji uliofichwa, akamkemea muuzaji na kumkana mwenye kughushi. Kuweka kioo bandia ukatoza bei ya asili ni nafaka ile ile. Surat An-Nur, aya ya 27, yakataza kuingia nyumba za watu pasi na idhini, na Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kupeleleza. Simu ni nyumba pia: umepewa ufunguo utengeneze mlango, hukuitwa kutazama vyumbani.

Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya fundi kulipa kilichoharibikia mkononi mwake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Imam Malik yeye amewatwika mafundi dhamana. Basi fundi mwema hujilinda na khitilafu hiyo: hueleza ubaya wa simu mbele ya mwenyewe kabla ya kuifungua, na hurudisha kipuri cha zamani kionekane.

Mwisho, wazazi, msiwadharau vijana wapendao kufungua vyombo. Imam Ghazali katika Ihya amezihesabu kazi za lazima kwa maisha ya watu kuwa fardhi ya kutosheana. Kijana wetu yule sasa hujifunza ufundi kila baada ya darasa. Na sauti ya yule marehemu imewekwa katika simu tatu, na mwanawe amefika Surat An-Naba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.