Meseji Si Pesa

Siku moja duka langu hapa Susuni lilikuwa limejaa watu. Mteja akasema, "Mama, nimeshakutumia." Simu ikalia, nikaona meseji ya malipo ya M-Pesa, nikampa mifuko miwili ya saruji. Jioni nikaangalia salio: halijaongezeka hata senti. Meseji ile ilitoka namba ya kawaida, si jina la mtandao.

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Tumeizoea mno, hadi tunasahau kuhakiki. Siku hizi naangalia salio kwanza, mzigo baadaye. Namba ya siri haijui hata kijana wangu wa dukani. Madeni nayaandika kwenye simu na kwenye daftari, maana simu ikitumbukia ndooni, daftari linabaki. Mali bila daftari hupotea bila habari.