Rangi Nyingi, Bandari Moja

Kama ungesimama karibu kabisa na tablo ya bandari ya Rotterdam, ungesema: "Huyu fundi alicheza tu na rangi!" Hakuna meli, hakuna maji. Iko alama ndogo ndogo tu, buluu hapa, rangi ya machungwa pale, kama vipande vya vigae. Lakini rudi nyuma hatua chache. Sasa meli zinatokea, moshi unapanda, maji yanang'aa.

Aliyeichora ni Paul Signac, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1863, mtu aliyependa sana mashua. Aliichora mwaka 1907 kwa rangi za mafuta. Bandari haitulii: meli zinaingia, zingine zinatoka. Kwa hiyo desturi yake ilikuwa kuchora upesi kando ya maji, kisha kurudi nyumbani na kufanya tablo kubwa polepole.

Njia hii ilianzishwa na rafiki yake Georges Seurat, aliyekufa mwaka 1891 akiwa na miaka 31 tu. Siri yao ni nini? Hawakukoroga rangi. Ukikoroga rangi nyingi pamoja, unapata matope. Wao waliweka rangi safi, moja kando ya ingine, na jicho la mwenye kutazama njo linaziunganisha. Buluu ikikaa karibu na rangi ya machungwa, zote mbili zinazidi kung'aa.

Ninyi vijana, hapa njo tufikiri. Miji yetu ya madini nayo ni kama bandari: watu walitoka pande zote kutafuta kazi. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu walitaka rangi moja tu. Majirani waliotoka Kasai walifukuzwa kwa maelfu. Walilala kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wakingoja treni pamoja na watoto wao, na wengine walikufa pale. Mimi nilikuwa mtoto. Wakubwa walioimba nao kanisani, wengi walinyamaza.

Leo, kazi ikikosa, maneno yale yale yanarudi midomoni mwetu. Tusiyakubali! Mungu hakutukoroga. Waluba, Walunda, Wabemba, Wasanga, kila mmoja alipewa rangi yake, naye Bwana anatuweka kando kando.

Juma hili, mtembelee jirani ambaye lugha ya mama yake si yako. Kisha someni 1 Wakorintho 12 nyumbani, baba, mama na watoto pamoja.