JINA LA PANGA SI MAKALI YAKE



Je, unaponunua panga au jembe, hutazama nini kwanza? Wengi wetu hutazama chapa. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilinunua jembe lenye chapa aliyoipenda marehemu baba yangu. La baba lilidumu mpaka likaisha kwa kunolewa. Langu lilipinda juma la kwanza la mvua. Majirani walipanda, nami nikatafuta fedha za jembe la pili. Chapa ilikuwa ile ile, lakini mfuaji hakuwa yule yule.

Jambo hili si geni duniani. Huko Connecticut, Marekani, ndugu wawili, Samuel na David Collins, pamoja na binamu yao William Wells, walianza kutengeneza mashoka mwaka 1826. Zamani hizo mnunuzi alilinoa shoka jipya mwenyewe. Wao waliyauza yakiwa yamekwisha nolewa. Baadaye wakafua mapanga, wakayapeleka Amerika ya Kati na ya Kusini. Wakulima wa huko waliyapenda mno, hata mahali pengine jina la Collins likawa ndilo neno la panga. Waigaji walipozidi, kampuni ikapiga juu ya chuma mhuri wenye neno Legitimus, maana yake "halali".

Mwaka 1966, baada ya miaka 140, kiwanda hicho kilifungwa. Lakini jina halikufa. Mapanga yenye jina la Collins yaliendelea kutengenezwa katika nchi nyingine. Mnunuzi aliona jina alilolizoea, lakini mikono iliyolipatia sifa haikuwapo tena.

Fahamu vizuri: sisemi kwamba vifaa vya nchi fulani ni vibaya. Panga jema hutoka popote penye chuma kizuri na fundi mwangalifu. Chuma hutiwa moto mpaka kiwe chekundu, hupozwa ghafula kiwe kigumu, kisha hupashwa moto kidogo tena kisivunjike kama chupa. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, makali hupukutika au chuma hupinda. Chapa haiwezi kukuonyesha hayo.

Basi, kabla ya kulipa, fanya hivi:

1. Soma maandishi madogo ujue kifaa kimetengenezwa wapi na nani.
2. Kandamiza ncha ya panga juu ya ubao lipinde kidogo, kisha uliachie. Lisiporudi kunyooka, lirudishe kwa mwenye duka.
3. Tikisa mpini. Misumari yake isicheze.
4. Kagua tundu la jembe linapoingia mpini. Likiwa na ufa, usilichukue.
5. Omba stakabadhi, uiweke.

Majirani wawili au watatu wanaweza kununua jembe moja kwanza, walijaribu katika udongo wao, ndipo wengine wanunue. Kumpenda mfuaji hodari ni vyema, lakini mpime upya kila unaponunua. Shamba halilimwi kwa jina.