Cong, Kijiji cha Maji na Mawe

Msafiri afikaye Cong, kijiji kidogo cha magharibi ya Ireland kilichokaa juu ya ukanda mwembamba wa nchi baina ya maziwa ya Corrib na Mask, hulakiwa kwanza na sauti ya maji, kwani maji ya Mask hupenya chini ya mawe ya chokaa, yakaibuka kwa nguvu hapo kijijini.

Kando ya magofu ya abasia, alimofariki mwaka 1198 Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa mwisho wa Waairishi, kipo kibanda cha mawe ambacho watawa walikijenga juu ya mto ili wavulie samaki. Sakafuni mna tundu, na ukutani meko ya kuotea moto. Na husimuliwa kwamba kamba ilitoka hapo hadi jikoni, ikagonga kengele kila samaki aliponaswa. Niliinama nikayatazama maji yakipita chini ya miguu yangu, nikastaajabia akili ya watu wale.

Lakini lililonigusa moyo zaidi ni mfereji ulioanza kuchimbwa mwaka 1848, zama za njaa kuu iliyoletwa na maradhi ya viazi, ili mafakiri wapate ujira. Mwaka 1854 kazi ikasimamishwa. Mawe yale yale ya chokaa yaliyanywa maji, na merikebu haikupita kamwe. Kuta zake, zilizopangwa kwa ustadi na mikono yenye njaa, zingali zimesimama.

Ewe msomaji, ukijaaliwa kufika Cong, usiishie abasiani. Uliza njia ya mfereji.