Kosa Linalofanana na Usahihi: Kwa Nini Makosa ya Maandishi Humpita Msomaji

Kosa la maandishi linapompita msomaji, kwa kawaida hulaumiwa uzembe wake, ilhali chunguzi za saikolojia ya usomaji zinaonyesha kwamba chanzo ni ule ule ustadi unaomwezesha kusoma haraka. Katika mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako barua za ofisi huandikwa kwa Kifaransa, matangazo mengi ya kanisani kwa Kiswahili, na mazungumzo ya nyumbani huwa kwa Kiluba au kwa Kiswahili cha Katanga, ustadi huo hutumika katika lugha kadhaa kwa zamu, na mianya ya makosa huongezeka.

Mwanya wa kwanza uko machoni. Tangu miaka ya 1870, maabara ya tabibu wa macho Émile Javal mjini Paris ilipochunguza usomaji, imefahamika kwamba jicho halifuati mstari kwa mwendo mmoja bali huruka na kutua. Kila mtuo huchukua takriban robo ya sekunde, na ni herufi chache tu zilizo karibu na mahali lilipotua ndizo zinazoonekana kwa ukamilifu. Maneno mafupi kama “ya”, “wa” na “na” mara nyingi hurukwa kabisa, na ndiyo sababu neno la namna hiyo likirudiwa mwishoni mwa mstari na mwanzoni mwa ule unaofuata, wengi hawalitambui. Mnamo 1897 Mmarekani Walter Pillsbury aliwaonyesha watu, kwa muda mfupi mno, maneno yaliyoharibiwa herufi. Wengi waliyasoma kana kwamba ni mazima, na baadhi walidai kuziona herufi ambazo hazikuwapo.

Mwanya wa pili ni maana. Mwaka 1981 Thomas Erickson na Mark Mattson walichapisha jaribio ambamo watu waliulizwa Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila jinsi katika safina, na wengi wakajibu “wawili” ingawa walijua fika kwamba safina ilikuwa ya Nuhu. Musa hupita kwa sababu anakaa vizuri katika simulizi za Agano la Kale. Neno geni kwa muktadha lingegutua papo hapo. Kwa hiyo kosa linalofichika zaidi ni lile linaloafikiana na kile ambacho msomaji alikwisha kukitarajia.

Mwanya wa tatu, ambao katika Katanga una uzito wa pekee, ni sauti. Msomaji anaposoma kimya bado huyageuza maandishi kuwa matamshi ya ndani, na mwaka 1987 Guy Van Orden alionyesha kwamba neno lisilo sahihi lakini lenye matamshi sawa na lililo sahihi hukubaliwa kimakosa mara nyingi zaidi kuliko neno linalofanana nalo kwa sura tu. Katika Kifaransa, stakabadhi iliyoandikwa “payer” mahali pa “payé” haishtui sikio, kwa kuwa maneno hayo hutamkwa sawa. Katika Kiswahili cha Katanga sauti ya “h” mara nyingi hudondoshwa, “hapa” ikawa “apa”; basi hati ya mkopo inayosema “atadai riba” badala ya “hatadai riba” inaweza kusomwa bila tofauti yoyote kusikika, ilhali herufi hiyo moja ndiyo iliyobeba ukanushi wote.

Nguvu ya sikio inathibitishwa na historia ya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha huko, bila tahajia thabiti na bila mipaka ya kawaida kati ya maneno. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alilazimika kumtegemea mzungumzaji mzawa wa lugha hiyo, Kalundi Mango, aisome kwa sauti ili yale yaliyolivuruga jicho yaeleweke. Sikio husamehe kinachokataliwa na jicho, na kwa sababu hiyo haliwezi kuachiwa peke yake kazi ya kusahihisha.

Usahihishaji, basi, hugawanywa kulingana na mianya hiyo. Kusoma kwa sauti hufichua neno lililorukwa au lililorudiwa. Makosa yenye matamshi sawa huhitaji kutazamwa neno moja moja, hata kwa kuanzia mwisho wa ukurasa, ili mtiririko wa maana ukatike. Majina na tarakimu hulinganishwa na nakala ya asili, mmoja akisoma na mwingine akifuata, kwani “Kabalo” ikiandikwa mahali pa “Kabongo” sentensi hubaki nzima. Mwandishi mwenyewe ni msahihishaji dhaifu wa kazi yake, kwa kuwa anayajua mno aliyokusudia kuyasema. Na pale muda unapokuwa mfupi, vitenzi vya kukanusha, majina na tarakimu ndivyo vya kukaguliwa kwanza, maana hapo herufi moja hubadili wajibu wa mtu na sentensi ikaendelea kusomeka kama sahihi.