Mkunga au daktari: Mjamzito amchague nani?

WAHENGA waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walimkusudia bibi wa mtaani aliyegongewa mlango usiku wa manane, akaja na ujuzi alioupokea kwa mama yake. Mkunga ambaye mwanamke wa mjini hana budi kumfikiria leo ni mwingine kabisa. Huyu amesomea kazi hiyo chuoni, akafanya mitihani, akasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chombo kinachofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Jina ni lile lile, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Familia nyingi zikisikia neno mkunga humwona yule bibi, kisha huhangaika kutafuta daktari kwa gharama yoyote, kana kwamba mkunga ni wa wasio na uwezo.

Ukweli ni kwamba hata katika hospitali nyingi za kulipia, anayekaa na mama leba na kumpokea mtoto ni mkunga. Daktari huitwa mambo yanapokwenda kombo. Kwa hiyo swali la mkunga au daktari limeulizwa vibaya. La kuuliza ni kama mkunga huyo atapata nafasi ya kukaa na mama, na kama tatizo likizuka atamfikisha kwa daktari kwa muda gani.

Kwa mwanamke mwenye afya njema, ambaye ujauzito wake hauna kasoro, uzazi huhitaji mtu wa kuangalia kwa makini zaidi kuliko mtu wa kuingilia kati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 ulieleza kuwa si kila mlango wa kizazi hufunguka kwa sentimita moja kila saa, na kwamba mwendo wa polepole kuliko huo, peke yake, si sababu ya kumwekea mama dripu ya uchungu wala kumkimbiza chumba cha upasuaji. Mwongozo huo haushauri kila mama aongezewe njia. Unataka pia mama awe na mtu anayemwamini pembeni yake, na ajifungue kwa mkao unaomfaa. Katika wodi ambako vitanda vimebanana bila pazia, jambo hilo la mtu wa pembeni hukataliwa mara nyingi. Ni vyema kuliuliza mapema, si siku ya uchungu.

Aidha, mapitio ya tafiti 17 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2024, yaliyohusisha wanawake zaidi ya 18,000, yalionyesha kuwa wanaofuatiliwa na mkunga mmoja, au kundi dogo la wakunga, tangu kliniki hadi baada ya kujifungua, huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi kuliko wengine. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika katika nchi tajiri. Kliniki zetu, zenye foleni ya tangu alfajiri na zamu zinazobadilika, haziwezi kuahidi sura moja miezi tisa. Hata hivyo, mama anayehudhuria kituo kile kile tangu kabla ya wiki ya 12, na akakamilisha mahudhurio manane yanayopendekezwa na WHO, hufahamika, na historia yake husomeka vizuri kwenye kadi.

Si kila mjamzito, hata hivyo, anafaa kuachiwa mkunga peke yake. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, selimundu au ugonjwa wa moyo, mwenye mapacha, mwenye kovu la upasuaji, ambaye mtoto wake ametanguliza matako, au aliyewahi kutokwa damu nyingi katika uzazi uliopita, anahitaji hospitali yenye daktari, chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Mkunga hodari ndiye wa kwanza kumweleza hivyo. Anayesema "usijali, nitakuzalisha mwenyewe" bila kuuliza historia, aepukwe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi nchini kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015-16. Makadirio ya aina hii huwa na tofauti kubwa ya juu na chini, lakini mwelekeo unatia moyo. Kinachoendelea kuua zaidi ni damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa, na hapo mkunga ndiye anayeamua mambo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Badala ya kukisia damu kwa macho, wahudumu waliikinga katika mfuko wenye vipimo, na ilipozidi walitoa tiba zote kwa mkupuo: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuubana na za kuzuia damu, maji ya mishipa, na uchunguzi wa chanzo. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Basi unapotembelea kituo, usiangalie rangi ya mapazia tu; uliza damu inapimwaje, usiku wako wakunga wangapi, na gari la wagonjwa linakaa wapi.

Kuhusu gari, mfumo wa m-mama hupokea simu za dharura za uzazi kupitia namba 115 bila malipo. Namba hiyo iwe katika simu ya mume, ya mama mkwe na ya jirani. Kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, uso kuvimba, degedege, damu kutoka ukeni, chupa kupasuka kabla ya wakati au mtoto kupunguza kucheza, yote hayo hayasubiri kupambazuke.

Baada ya kujifungua salama, mama anatakiwa abaki kituoni angalau saa 24, hata kama ndugu wamekwisha kuleta teksi mlangoni. Kisha arudi na mtoto kati ya siku ya pili na ya tatu, tena katika wiki ya pili, na katika wiki ya sita.